Meza ya Massoudi

Mtu aliyeingia ukumbi ule wa Ngagara kwa mara ya kwanza alidhani ile meza ya mbele ni ya daktari wa meno. Nyaya zilining'inia chini yake kama matumbo ya mbuzi, na juu yake mashine zilikaa zikitazamana: retro, ile mashine ya taa inayotupa maandishi ukutani, televisheni na deki yake ya video, redio ya kaseti, amplifaya, mikrofoni mbili, na sanduku la kutuliza umeme, ambalo lilinguruma hata likiwa halina kazi. Mbele ya vyote hivyo Massoudi alikuwa amepigilia ubao wa swichi. Kila swichi ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kimeandikwa A, kingine M, kwa rangi ya kucha aliyomwomba binti yake Saliha.

Massoudi alikuwa fundi redio wa Buyenzi. Ukumbi haukuwa wake, vyombo ndivyo vyake. Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja anaitwa Jovithe, alimlipa kwa kila chombo kilichokaa mezani, kwa hiyo meza haikuacha kuongezeka. Zamani fundi aliishi kwa harusi. Vita vikala harusi. Watu wakawa wanaoana mchana bila muziki, wageni wanaondoka na chakula mkononi ili wawahi kufika kwao kabla ya saa ya kutotoka nje. Zikabaki semina za wafadhili. Massoudi alikuwa anazipenda zile semina kwa sababu hapo mtu aliweza kuitazama meza yake na kusema, huyu mzee ni nani?

Jumatano ile aliyepangiwa kusema mbele ya meza alikuwa mke wake, Mwanvua.

Mwanvua alisimamia jiko la uji Mutakura, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Mama waliokimbia na mama waliokimbiwa walileta hapo watoto waliokonda, wakaketi kwenye mikeka ileile, wakitazamana kidogo kidogo. Unga ulitoka kwa shirika. Sasa shirika lilisema unga umepungua: majiko manne ya kaskazini mwa mji yaje yajieleze mbele ya wakubwa. Mawili yataendelea. Mawili yatafungwa Jumamosi. Na wakasema kila jiko lijieleze kwa vyombo, si kwa mdomo tu, maana wakubwa wanachoka kusikia.

"Mama Saliha, angalia hapa," Massoudi alimwambia asubuhi ile, wageni wakiwa bado wanakunywa chai barazani. "Mi nitakuwa nje kwa jenereta, mafuta ni machafu, inazimika zimika. We huku ni kazi ndogo. Iko A, iko M. Basi."

"A na M."

"Mutoto anaweza."

"Nimeelewa, Baba Saliha. Nenda kwa jenereta yako."

Na kweli alikuwa ameelewa. Wote wawili walikuwa wameelewa.

Mapazia yakafungwa ili ukuta upate giza. Jovithe akamwita kwa mikrofoni, akamwachia nafasi. Mwanvua alikuwa amevaa kitenge cha Idi, na kifuani alishika karatasi za plastiki zenye takwimu, ambazo kijana wa ofisini alimchapia. Akasalimia. Sauti yake ikatoka mara mbili, mdomoni na ukutani, akashtuka kidogo, watu wakatabasamu. Akaweka plastiki ya kwanza juu ya kioo cha retro na kubonyeza A.

Hakuna kitu. Akabonyeza A ya pembeni, akidhani umeme unapitia kule kwanza. Hakuna. Akaendelea na A zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayebisha hodi kwenye milango ya nyumba moja ndefu. Sanduku la umeme likaacha kunguruma. Akasema, "Samahani, wakubwa," na hilo neno halikufika hata kwenye kiti cha pili, kwa sababu mikrofoni nayo ilikuwa imekufa.

"Maman, tunakusubiri," Jovithe alisema.

Mwanvua akafikiri: nimeharibu mwanzo, wacha nimalize vyote nianze upya. Akapitisha vidole kwenye M zote.

Hapo meza ikafufuka. Retro ikawaka. Kaseti ikaanza kuimba. Mikrofoni ikapiga filimbi ya kupasua masikio. Na televisheni ikaonyesha harusi ya mtu wa Buyenzi ambayo Massoudi aliisahau ndani ya deki: sinia za pilau, nyama juu ya wali, na bwana mmoja mnene anajaza mdomo huku ameikodolea macho kamera. Mwanvua akabonyeza M tena, kwa nguvu, na tena. Alivyozidi kumaliza, ndivyo vilivyozidi kuanza. Nje jenereta ikakohoa, ikabeba mzigo ule hatua chache, ikazima. Ukumbi wote giza.

Katika giza mtu mmoja alicheka. Kisha wakacheka wote.

Jovithe alifungua pazia moja. "Maman," alisema kwa upole wa kuumiza, "watoto wenye njaa, na wewe unatuletea pilau?" Wakacheka tena. Mwanvua aliokota plastiki zake zilizodondoka. Alipoinama, kitenge kilikanyagwa na mguu wa kiti, akabaki ameinama pale, anavuta, hadi mtu wa mstari wa mbele alipoinua kile kiti. Mtu huyo alikuwa Bwana Murhula, Mkongomani wa Bukavu, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya unga. Yeye hakucheka, lakini aliangalia saa.

Aliyefuata ni Spéciose wa jiko la Kamenge. Alisoma kurasa zake bila chombo chochote, haraka haraka, akiiogopa meza kama watu wanavyoogopa mbwa wa jirani.

*

Nyumbani Saliha alikuwa amepika ugali, maharagwe na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alimuona mama yake anavua kitenge cha Idi na kukikunja vizuri kuliko siku zote, akajua mambo yameharibika. Walikaa watatu kwenye mkeka. Mwanvua hakugusa chakula.

"We ulifanya nini na vitufe vyangu?" Massoudi aliuliza mwishowe.

"Nilifanya ulichosema."

"Apana. Mi nilisema A na M."

"Na mi nilibonyeza A na M. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma."

"Sasa ingekataa namna gani?"

"Uliza meza yako. Mi si fundi."

Saliha aliwatazama kwa zamu. Akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa amewasikiliza wazee hawa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba wanaweza kugombana siku mbili juu ya jambo ambalo wote wanasema lilelile.

"Mama," alisema, "A ni nini?"

"A ni anza. Ni nini ingine?"

Massoudi akaacha kutafuna.

"Na M?"

"Maliza. Kwani Ujiji nilisoma nini? A anza, M maliza."

"A ni arrêt," Massoudi alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Kusimama. M ni marche. Kwenda."

"Nani alisema?"

"Kila mutu anajua."

"Kila mutu ni nani, Baba Saliha? Mi si mutu?"

Saliha alijifunika mdomo kwa upindo wa nguo, mabega yakamsaliti.

"Cheka tu," mama yake alisema. "Ngagara nzima imecheka, we utabaki juu ya nini?" Na yeye mwenyewe pembe ya mdomo ikamtetemeka, ikawa kama atacheka, halafu haikuwa kicheko. Alilia kidogo bila sauti, akiangalia sahani.

Massoudi hakujua aweke wapi mikono yake. Mikono ile ilijua kufungua redio gizani. Akasogeza bakuli la ndagala upande wake, akamtolea vichwa, akamwekea wale wakubwa pembeni ya ugali.

"Si kosa lako," alisema. "Ni langu."

"Najua ni lako. Lakini watoto hawatakula hiyo."

*

Asubuhi Massoudi alimkuta Jovithe anahesabu viti.

"Mzee Massoudi, jana umenivua nguo mbele ya wageni."

"Kweli, shefu. Nisamehe. Nipe mwisho wa kesho, kabla hawajafunga mikoba yao. Nafasi ndogo tu, kwa yule mama."

"Yule mama ni mke wako, usiseme yule mama. Na akitupigia tena harusi?"

"Harusi naiondoa. Naondoa vyote. Nabakisha retro."

Jovithe aliacha viti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa ukumbi katika mji ambao kila ofisi ilikuwa inafungwa, na kila usiku aliota wafadhili wamepata ukumbi mwingine. "Ukumbi bila mikro? Watasema hapa tumerudi nyuma."

"Ukumbi ni mdogo, shefu. Mutu akikohoa nyuma, wa mbele anamwambia pole. Hiyo mikro ya kazi gani? Mi mwenyewe niliiweka juu ya kulipwa."

"Unajua nalipa kwa chombo."

"Najua."

"Kimoja ni kimoja."

"Kimoja ni kimoja," Massoudi akakubali, na neno hilo likamshuka kooni kama dawa. Hela ya vile vyombo ndiyo iliyokuwa inalipa nyumba.

"Basi pitisha mlango wa nyuma. Sitaki wakuone unabomoa."

Lakini mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo hayupo. Massoudi akapitisha vitu vyake barazani, katikati ya watu wenye vikombe vya chai, televisheni imemfunika uso. "Unahama, mzee?" mmoja alimuuliza. "Nahama, mwanangu," alijibu nyuma ya televisheni. Retro nayo aliibeba, kwa ruhusa ya siku moja, ili mkewe aizoee. Akapakia vyote kwenye mkokoteni wa kukodi, akatembea nyuma yake mpaka Buyenzi, akishika deki ya video isianguke kila walipopita shimo.

Mchana umeme ulikuwapo. Saliha alitundika blanketi dirishani. Massoudi aliiweka retro juu ya kigoda, akaichomeka, akamshika mkewe mkono na kumpeleka kwenye swichi ya mashine yenyewe, iliyoko ubavuni.

"Haina herufi," alisema. "Bonyeza, inawaka. Bonyeza tena, inazima. Ukikosea, bonyeza tena."

Mwanvua akabonyeza. Ukuta ukawa mweupe. Akazima, akawasha, akazima. Akaweka plastiki yake, na ukutani zikatokea namba, ndogo ndogo, mistari kwa mistari, kama sisimizi waliokanyagwa.

"Hii inasema nini?" Massoudi aliuliza.

"Asilimia."

"Asilimia ya nani?"

"Mi najua? Yule kijana wa ofisi aliandika. Ngoja miwani."

Akaingiza mkono mkobani kutafuta miwani, na pamoja na miwani kikatoka kipande cha karatasi, chembamba, kirefu kuliko kidole, kikadondoka juu ya kioo. Ukutani, katikati ya sisimizi, kikasimama kivuli cheusi kirefu kama mlango.

"Ni nini hiyo?"

"Hiyo ni Chanelle," Mwanvua alisema. "Mutoto wa Joëlla."

Akaeleza, huku bado ameshika miwani. Shirika liliwapa utepe wa kupima mkono wa mtoto, una namba. Mama wengi hawasomi namba. Unamwambia mama kwamba mtoto ameongezeka, anakutazama tu, anafikiri unamfariji. Kwa hiyo Mwanvua huchukua karatasi, anaizungusha mkononi mwa mtoto, juu ya kiwiko, anakata pale ncha zinapokutana. Anaandika jina. Juma linalofuata anakata nyingine. Mama anaziweka mbili pamoja kwenye kiganja, anaona mwenyewe. Nyingine wanamwachia yeye azitunze, kwa kuwa nyumba zao zinavuja.

Massoudi alizijua zile karatasi. Miaka hii yote alikuwa anaziona ndani ya mkoba na kwenye dirisha la jikoni. Alidhani ni za kuwashia mkaa. Mbili tatu alikwisha kuwashia sigara.

"Toa hizo namba," alisema. "Weka Chanelle ingine."

Mwanvua akaondoa plastiki. Akaweka Chanelle wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kwa mpangilio. Ukutani vivuli vikapanda kama ngazi. Saliha akasogea karibu, akasimama kando ya kile cha mwisho, kikampita kichwa.

Mashine ilipuliza hewa yake ya moto.

"Kila siku ndo unafanya hii?" Massoudi aliuliza.

"We ulidhani napika tu."

"Nilidhani unapika tu," alisema.

*

Ijumaa Jovithe aliwapa nafasi baada ya wote. Wageni wawili wa Kizungu walikuwa wamekwisha kuweka kalamu mifukoni. Meza ilionekana tupu mpaka inatia huruma: retro peke yake, na alama za vumbi pale vyombo vingine vilipokuwa. Massoudi alisimama ukutani karibu na soketi, kofia mkononi. Hakuna aliyemwangalia. Hilo nalo alilihisi.

Mwanvua hakusalimia kwa urefu. Akabonyeza, ukuta ukawa mweupe.

"Kila karatasi ni mukono wa mutoto," alisema. "Unene wa mukono, tumeuzungusha. Huyu ni Chanelle siku aliyokuja."

Akaweka ngazi ya Chanelle. Akaiondoa, akaweka ya mtoto mwingine, na ya mwingine. Kuna aliyepanda haraka, kuna aliyepanda na kushuka kisha akapanda. "Hapa alishuka ni siku zile risasi zilipiga usiku Mutakura, watu wakalala porini, uji haukupikwa," alisema. Mzungu mmoja aliuliza kwa Kifaransa nini kimesemwa, Murhula akamtafsiria kwa sauti ya chini. Yule mtu akatoa tena kalamu, akaishika tu.

Katika kupanga ngazi ya mwisho, kipande kimoja kifupi kilinata kwenye kidole chake, kikabaki peke yake pembeni mwa kioo. Akataka kukiondoa.

"Na hiyo, mama?" Murhula aliuliza. "Hiyo ingine yake iko wapi?"

Mwanvua alikitazama ukutani. Kilikuwa kivuli kifupi, kina nafasi nyeupe kubwa kando yake.

"Hii haina ingine," alisema. "Huyu alikuja tumechelewa. Nilikata moja tu."

Jovithe, aliyekuwa amejitayarisha kuuliza asilimia, akaona afadhali aketi. Kwenye mstari wa nyuma Spéciose wa Kamenge aliinamisha kichwa. Massoudi aliona mkono wa mkewe umesita juu ya kioo, kwa kuwa mkono nao ulikuwa ukutani, mkubwa, vidole vitano vya mwanamke anayepika. Akataka kwenda kumsaidia. Hakwenda. Ilikuwa kazi ya mkewe, naye angekuwa waya mwingine tu katikati.

Mwanvua akabonyeza mara moja. Ukuta ukazima.

"Ni hiyo tu," alisema.

Murhula alizungumza na wale wawili, vichwa vimekutana, si kwa muda mrefu. Kisha akamfuata mezani. "Jiko lako linaendelea, mama. Mpaka mavuno."

"Asante. Na lile la Kamenge?"

"Lile apana. Unga ni wa majiko mawili, mama. Tulishawaambia."

Mwanvua aliitikia kwa kichwa. Akaanza kukusanya karatasi zake, akitenganisha watoto wasichanganyike, na safari hii Massoudi alikuja, akashika mkoba wazi, akangoja ampe mmoja mmoja.

*

Jumamosi mama wa Mutakura walikuja mapema kuliko siku zote. Sahani za watoto zilikaa jikoni, kila moja na alama yake, na kwa kuwa walikwisha kuambiwa ni siku ya kufunga, na habari ya Ijumaa haijawafikia, walikuja kuchukua kila mtu ya kwake. Hawakugombana. Walikuwa wamechuchumaa kando ya rundo, wanageuza sahani, wanatafuta alama, wanapeana. Joëlla alikuwa na ya Chanelle tayari, ameifunga ndani ya kanga mgongoni pamoja na mtoto mwenyewe.

Massoudi alikuja nyuma ya mkewe, amebeba madumu ya maji. Hakuwahi kufika huku tangu mji ulipogawanyika kwa vita. Alitembea akiangalia kila kona.

"Huyu ni nani?" mama mmoja aliuliza.

"Huyu ni wangu," Mwanvua alisema. "Kazi yake leo ni maji."

Halafu akaona wengine wamesimama mbali kidogo, upande wa barabara, hawajaingia chini ya bati. Spéciose alikuwa mbele yao, ameshika mtoto asiye wake, na nyuma yake mama wa Kamenge na watoto wao, nao wana sahani mikononi. Walikuwa wamekuja kuuliza, na walikuwa wanaona haya kuuliza.

Mama wa Mutakura nao wakawaona. Mmoja alihesabu kwa macho wale watoto, kisha akaangalia magunia, na kila mtu alijua anapiga hesabu gani.

Mwanvua alishika mwiko. Alikuwa ametunga maneno ya kuwaambia tangu alfajiri, na mengi yalikuwa ya Murhula, ya wageni, ya shukrani. Aliyaacha.

"Sahani muziache hapa," alisema. "Na nyinyi wa Kamenge, mulete zenu, zikae na hizi."

Hakuna aliyesogea.

"Uji utakuwa mwepesi kidogo," alisema, akageukia sufuria. "Baba Saliha, ongeza maji."